Upinde wa Mita Sabini

Habari ya kifo cha Fundi Barasa ilinikuta kwenye kiti cha msusi, nusu ya kichwa changu imesukwa na nusu imesimama kama kichaka. Niliinuka. Msusi akauliza kama nimerogwa. Nikamwambia narudi sasa hivi, nikarudi baada ya siku mbili. Nilitembea kwa miguu kutoka Ngong Road hadi Kawangware, kitambaa kichwani, nikaipita karakana yake ambayo sasa ni duka la simu, nikageuka, nikatembea tena hadi nilikotoka. Miguu yangu ina tabia hiyo: ikisikia neno ambalo kifua hakiwezi kulibeba, inaondoka nalo. Niliipata tabia yenyewe mwaka niliotimiza miaka ishirini, mwaka ambao mimi, Fundi Barasa na Akinyi tulijenga upinde wa kupiga shabaha mita sabini kwa vitu ambavyo watu walikuwa wametupa. Kuna jambo la mwaka ule ambalo Fundi alikufa bila kuambiwa. Nililijua mimi peke yangu.

Nilikuwa nikiishi Laini Saba, Kibera, na rafiki yangu Akinyi, katika chumba kimoja cha mabati, hatua chache kutoka kwenye reli. Treni ikipita, vikombe vilitembea mezani, nasi tulivishika bila kukatiza mazungumzo. Kitanda kilikuwa kimoja, jiko la mafuta taa moja, na pazia la maua lilitenganisha pa kulala na pa kupikia kana kwamba tulikuwa na nyumba mbili. Upande wa pili wa bati aliishi Mama Belinda, na ukuta ule ulitufanya tuijue ndoa yake kuliko alivyoijua mumewe. "Nimekupikia omena unaniuliza nyama! Si ujikate mguu tuuchemshe!" Tulicheka tumejiziba midomo kwa mto. Lakini nikikirudia chumba kile sasa, nikiwa na nyumba yenye viti sita ambavyo hakuna anayevikalia, ninachokiona zaidi ni kwamba sisi wawili hatukukaa. Akinyi alikula akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho kwenye reli, kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Mimi nilipika huku nikitoka na kuingia. Mwaka wote ule ulikuwa hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje.

Akinyi alikuwa mfanyakazi wa usafi katika uwanja mmoja wa michezo, ambako wanachama walipiga mishale siku za Jumamosi. Siku moja kocha wao alimkuta akichomoa mishale kwenye shabaha, akamwambia kwa mzaha ajaribu mmoja. Akajaribu. Kocha akaacha mzaha. Mvua za masika zilipokwisha alikuwa akimwazima upinde wa klabu kila baada ya kazi, na mwezi wa saba akamwambia habari iliyotunyima raha: mwisho wa mwaka kungekuwa na mchujo, idara moja ya serikali ilikuwa inaunda timu, na wapigaji sita watakaoongoza wangeandikwa kazi hapo hapo. Umbali ulikuwa mita sabini. Shida moja tu: siku hiyo pinde za klabu zingeshikwa na wanachama wenyewe.

"Ananiambia njoo na wako," Akinyi alisema jioni ile, akizunguka katikati ya kitanda na jiko. "Njoo na wako! Kama mtu anakwambia njoo na mwavuli."

"Tuutengeneze," nikasema.

"Wewe Neke, wewe unapiga msasa vitanda."

"Si mbao ni mbao?"

Ni kweli nilipiga msasa vitanda. Nilikuwa na miezi mitano katika karakana ya Fundi Barasa kule Kawangware, ambaye alitengeneza vitanda mbele na majeneza nyuma ya turubai, ili wateja wa kwanza wasiwaone wa pili. Alikuwa mtu wa Bungoma, mwembamba, mwenye penseli sikioni hata akiwa kanisani. Kila aliyepita mikononi mwake alijifunza sheria moja kabla ya kushika msumeno: "Pima moja. Zingine ni dada zake." Alipima mguu mmoja wa kitanda kwa tepu, akaukata, kisha akailaza mbao nyingine juu yake na kukata mitatu iliyobaki bila kugusa tepu tena. Vitanda vyake havikuyumba. Aliyepima mara mbili, Fundi alimwita karani.

Nilimpeleka Akinyi kwake wakati wa chakula cha mchana. Mafundi walikuwa wakila chapati na maharagwe juu ya kitanda kisicho na godoro, na Fundi alimsikiliza hadi mwisho huku akitafuna.

"Upinde," akasema. "Kwetu upinde ni wa kuwinda ndege. Huyu dada anawinda nini hapa Nairobi?"

"Kazi, Fundi," Akinyi akajibu.

"Kazi! Mnyama huyo ana mbio, mama. Kula kwanza."

Mpini tuliuchonga kutoka kipande cha mvule kilichobaki kwenye jeneza la mtu mnene. Mabawa, yaani zile pande mbili zinazopinda, tuliyaunda kwa mianzi iliyopasuliwa nyembamba na kufunikwa kwa faiba, masalio aliyotupa jirani mmoja aliyeziba bampa za magari. Jozi ya kwanza ilipasuka mara ya nne tulipovuta, kipande kikamchapa Fundi sikio. Akalishika, akatutazama kwa utulivu mkubwa. "Huo umekataa," akasema. "Tuusikilize." Jozi ya pili ilijipinda kama ulimi wa mbwa. Ya tatu tuliibana kwa mipira ya ndani ya matairi, tukaiacha juani siku nne, na Fundi mwenyewe akapika gundi yake, akiikoroga kwa kijiti na kumkemea mtu yeyote akipumua karibu. Jozi hiyo ilikubali. Kamba tuliisokota kwa uzi wa washona viatu, tukaipaka nta ya mshumaa.

Na mishale. Mwaka ule antena za juu ya mabati zilikuwa zimekufa. Televisheni zilikuwa zimehamia kwenye visanduku, na juu ya kila paa kulibaki mifupa ya samaki isiyo na kazi. Akinyi alienda mlango kwa mlango, Laini Saba mpaka Soweto West. "Mama, ile antena bado unaipenda?" Wengine walitukana, wengine wakampandisha paani achukue mwenyewe. Tulipata fimbo zaidi ya mia. Kila moja tuliibingirisha juu ya kipande cha kioo, na iliyotetemeka ikarudi kwenye gunia la vyuma vikuukuu. Tulibaki na kumi na mbili. Visigino vya mishale, pale kamba inapoingia, tulivipasua kutoka mipini ya miswaki, na manyoya tuliyakata kwenye picha ya eksirei aliyotupa Mama Belinda. "Hicho ni kifua changu," alituambia. "Mkikosa shabaha msiseme ni mimi."

Mpiga shabaha wa mbali hatazami mshale. Hutazama kilengeo, kichwa kidogo kilichotokeza kando ya mpini, na kadiri shabaha inavyokuwa mbali ndivyo kichwa hicho hushushwa, ili mkono uinuke na mshale urushwe juu zaidi. Chetu kilikuwa ncha ya spoki ya baiskeli iliyoteleza katika mwanya nilioukata kwa tupa kwenye bati nene la alumini. Niliukata hadi pale mita sabini, kwa vipimo vyangu, zilipohitaji, na ukucha mmoja zaidi, kwa sababu chini ya hapo bati lilikuwa na tundu la skrubu na sikutaka lidhoofike. Nilijivunia mwanya ule. Ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukitengeneza ambacho Fundi hakukirudia.

Sasa mita sabini unazipata wapi Kibera? Hakuna ukumbi, hakuna uchochoro unaonyooka hatua ishirini. Kuna reli tu. Mbele kidogo, mahali inapoingia kati ya kingo mbili za udongo, palikuwa na mnyooko na ukingo wa kusimamisha shabaha, na asubuhi ya Jumapili watu walikuwa kanisani au wamelala. Fundi aliniazima tepu yake ya mita tatu. Nikafanya alivyonifundisha. Nilipima nafasi moja kati ya mataruma, zile nguzo zilizolala chini ya reli: sentimita themanini, kati hadi kati. Pima moja, zingine ni dada zake. Nikahesabu nafasi themanini na saba na nusu, nikapigilia kigingi, nikapaka chokaa. Nikajiona mhandisi.

Tulisimamisha gunia lililoshindiliwa matambara, na mimi nikawa nasimama pembeni na leso nyekundu, kuzuia wapita njia mshale unapotaka kutoka. Hawakukosekana. "Dada, unapiga nini, panya?" "Usipoteze mishale, mlenge landlord!" "Huyo landlord haishi huku, utafikisha Karen?" Akinyi hakugeuka. Alikuwa na namna ya kuvuta ambayo mpaka leo nikiifikiria natulia kidogo: kidevu kinashuka, bega la nyuma linazunguka polepole kama mlango mzito, halafu kimya, halafu ule mlio wa kamba. Mwezi wa tisa aliingiza mishale mitatu kati ya sita kwenye duara la manjano. Mwezi wa kumi, minne. Fundi alikuja Jumapili moja akiwa na suti ya kanisa, akatazama mikono nyuma. Kisha akaugusa upinde kama mtu anayepapasa paji la uso la mtoto kuona kama ana homa. Sikumwona tena na uso ule.

Mchujo ulikuwa Jumamosi. Jumatano yake nilikuwa narudi nyumbani kupitia relini nikawakuta wapimaji, vijana watatu wenye fulana za kung'aa na tepu ndefu ya kitambaa, wakipaka rangi kuta za nyumba zilizokaribia sana reli. Kigingi changu kilikuwa palepale. Sijui kwa nini niliwasimamisha. Nadhani nilitaka kusifiwa.

"Niaje. Nipimieni kutoka hapa mpaka pale kwenye gunia."

"Unataka kununua reli, madam?"

Wakavuta tepu. Aliyekuwa upande wa gunia akapaza sauti: "Sitini na moja na kidogo!"

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikapiga magoti nikapima nafasi za mataruma kwa mkono wangu, moja baada ya nyingine, na pale nilipokuwa nimepima ile ya kwanza, pale tu, ndipo reli ilipowahi kung'olewa na kurudishwa, na walioirudisha waliachanisha mataruma. Nafasi nyingine zote zilikuwa sabini. Dada zake hawakufanana naye. Kwa miezi minne Akinyi alikuwa akijifunza umbali usiokuwepo.

Nilitembea hadi nyumbani haraka sana, sitini na moja ikiwa mdomoni kama chai ya moto. Nikafungua mlango. Akinyi alikuwa amekaa. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa hivyo: miguu kwenye beseni la maji, mgongo ukutani, mikono imelegea. "Neke," akasema, "unajua leo siogopi? Nimejaribu kuogopa imekataa." Upande wa pili Mama Belinda alikuwa anaimba nyimbo za kwaya. Nikamtazama, nikawasha jiko, nikasonga ugali.

Kwa miaka mingi nimekuwa na sababu nzuri. Kwamba mchezaji hatikiswi siku tatu kabla ya mashindano. Kwamba kabla ya mchujo huwa kuna mishale ya majaribio, angeshusha kilengeo mwenyewe na mambo yangekwisha. Zote nilizitunga baadaye. Niliogopa uso wake, nikaogopa Fundi kujua kwamba mkono wake wa kulia hajui kupima. Basi. Alhamisi nikapika sukuma na mayai, Ijumaa wali, na Akinyi akala akiwa amekaa, siku zote tatu.

Uwanja wa mchujo ulikuwa na nyasi zilizokatwa na mistari myeupe. Wenzake walikuwa na pinde za kutoka nje, zenye uzito wa kusawazisha na vilengeo vya skrubu ndefu, na msichana mmoja alipoiona mishale yetu akauliza, "Hiyo inashika stesheni ngapi?" Akinyi akacheka naye. Fundi alikuwa kando yangu, suti ileile. Mishale ya majaribio ikaanza, na wa kwanza wa Akinyi ukazama kwenye nyasi mbele ya shabaha. Akashusha kilengeo. Wa pili, nyasi. Akashusha tena, na safari hii nilisikia, au nadhani nilisikia, ncha ya spoki ikigonga mwisho wa mwanya. Hapakuwa na pa kuishusha tena. Tupa moja, nusu saa, Jumatano jioni, na mwanya ule ungekuwa na nafasi. Akageuka akanitafuta.

"Lenga juu," nikasema. "Lenga juu ya shabaha!"

"Juu wapi?"

Kweli, juu wapi? Juu ya shabaha hakukuwa na kitu, hata tawi. Kipenga kikalia. Akinyi akapiga mishale yote ya siku ile akilenga hewa tupu, mahali alipopachagua mwenyewe angani na kupakumbuka kila mara, na saa nane mchana matokeo yakasomwa. Alikuwa wa nane. Pointi nne zaidi na angekuwa wa sita.

Kocha alikuja kutupa mkono. "Mkono ulimtetemeka," akaniambia, kwa upole kabisa. "Siku ya siku wengi huwa hivyo. Havuti mpaka mwisho, mshale unaanguka." Akinyi alikuwa hapo hapo. Alikuwa ananitazama mimi, mimi niliyesimama nyuma yake Jumapili zote zile, nimjulishe kama ni kweli. Nami nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Fundi alikataa hilo. Alisema si mkono wa msichana, ni mabawa yamechoka, ni gundi yake. Jumatatu akaufungua upinde vipande vipande akitafuta kosa lake, na kwa sababu lilikuwa halimo, hakulipata, akautupa wote kwenye jiko la kupikia gundi. Tangu hapo hakuwahi kutengeneza kitu chochote zaidi ya kitanda na jeneza. Miezi miwili baadaye niliacha kazi, nikahama Laini Saba, nikawa mtu wa kuhama.

Matanga yalikuwa Kawangware, kwenye ploti aliyopanga Fundi kwa miaka mingi. Watu walikaa chini ya turubai, chai ikapita na mkate, na mafundi wenzake wakawa wanasimama mmoja mmoja kumsimulia. "Barasa alinitengenezea kitanda cha harusi," mmoja akasema. "Ndoa imevunjika, kitanda kipo!" Hata mjane, Mama Naliaka, alicheka. Yule mwenye kitanda akaendelea, "Kitu kimoja tu kilimshinda. Upinde! Lakini mwenye mkono wa kutetemeka si yuko hapa?" Vichwa vikageuka. Akinyi, ambaye sikuwa nimeonana naye kwa miaka kumi, alikuwa kwenye benchi la mwisho na sare ya ulinzi, ametoka zamu moja kwa moja. Akainua mkono wa kushoto juu, akautetemesha ili watu waone. Wakacheka sana. Ilionekana ni mchezo aliouzoea, alioucheza mara nyingi kabla mtu mwingine hajamchezea.

Mama Naliaka hakucheka hilo. "Hata hospitali aliutaja," akasema, akitazama kikombe. "Alisema, niliipika gundi vibaya, mama, nikamharibia mtoto wa watu."

Nilimfuata Akinyi nyuma ya nyumba, alikokuwa amekwenda kuosha vikombe. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mikono ndani ya maji pamoja na yake, kwa sababu ningekaa nisingesema. Nilimwambia taruma moja, tepu ya kitambaa, sitini na moja. Alisuuza kikombe, akakifunika, akachukua kingine.

"Ulijua lini?"

"Jumatano."

"Kwa hivyo ule wali wa Ijumaa ulikuwa unajua."

"Ndiyo."

Niliona akihesabu kitu, midomo ikisogea. "Sitini na moja," akasema. "Halafu pale nikapiga sabini. Bila kilengeo. Nikilenga mawingu. Nikakosa kwa pointi nne." Akavuta mikono majini, akaitazama, wa kulia kisha wa kushoto, mbele na nyuma. "Miaka kumi, Neke. Nimeambia kila mtu. Nimeambia mume wangu. Kuna kazi nimekataa juu ya huu mkono."

"Nisamehe."

"Wacha hiyo." Akanishika kifundo cha mkono, na mkono wake haukutetemeka hata kidogo. "Hiyo tutaongea mimi na wewe, na si leo. Leo kuja."

Akanivuta hadi mbele, chini ya turubai, kupita waliokuwa na chai, kupita yule fundi wa kitanda cha harusi. Akaniacha hapo, akaenda kuketi kando ya Mama Naliaka. Watu wakanyamaza, wakidhani nina wasifu wa kusoma. Miguu yangu ilitaka kuondoka. Niliihisi ikitafuta upande. Nikafungua kinywa, nikasema kwamba gundi ya Fundi Barasa ilikuwa nzuri.

"Paza sauti, mama," Mama Naliaka akaniambia. "Huku hatusikii."

Nikaanza upya, kwa nguvu, tangu mwanzo.